Kabla hujatundikiwa dripu ya kutoa sumu: mwongozo kwa mwenye ugonjwa wa moyo

Tiba ya kelesheni, yaani dawa inayokamata madini yenye sumu mwilini na kuyatoa, ni tiba ya kweli. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na lawama, mzazi mwenye mtoto aliyepata sumu ya risasi (yale madini ya betri, si ya bunduki) ataacha kusoma akidhani nimeiita dawa ya mwanawe uganga. Dawa hii ina kazi yake, ila kazi yake si kusugua mishipa ya moyo. Kabla hujakunja mkono wa shati, yapo mambo matatu lazima yajulikane: ni madini gani yaliyo mwilini mwako, yamepimwaje, na yanaingilia wapi. Asiyeweza kukujibu hayo asikuguse na sindano.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Mombasa, na majirani huniletea karatasi za hospitali hata kabla sijamaliza kukuna nazi. Safari hii aliyekuja ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi wa betri za magari pande za Changamwe. Alishapata mshtuko wa moyo, na kisukari anacho juu yake. Mkononi alikuwa na tangazo la kliniki moja: mshipa mchafu kushoto, mshipa unaong'aa kulia, na dripu thelathini kwa bei ya jumla.

"Shemeji, nisomee hii. Wanasema inazibua bila kupasuliwa."

"Wamekupima risasi?"

"Wamenipima presha."

Basi nikamketisha. Haya ndiyo niliyomwambia, nimeyapanga kidogo.

Ijue dawa yenyewe

Inayotajwa zaidi kwenye matangazo ni EDTA. Ikiingia kwenye damu hukamata madini, hujifunga nayo, kisha figo huvitoa vyote viwili kwa mkojo. Lakini haikamati sumu peke yake. Itabeba na zinki unayoihitaji, na aina yake mojawapo itabeba kalsiamu.

Ukitaka kuiona ikifanya kazi, tazama ile chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau unayotolewa damu maabara ya kupima wingi wa damu. Ndani yake mna EDTA kidogo. Damu ikiingia humo haigandi, hata ukiisahau mezani, kwa sababu damu haiwezi kuganda bila kalsiamu na kalsiamu imeshashikwa yote. Muuguzi mgeni wodini huonywa mapema asimimine damu ya chupa ya zambarau kwenye chupa ya kupimia kalsiamu. Akifanya hivyo maabara itapiga simu kuuliza kama mgonjwa bado yu hai, maana kwa majibu hayo angepaswa kuwa maiti.

Sasa, moyo nao hujikaza kwa kalsiamu. Ndiyo maana EDTA ziko mbili na hazibadilishani. Moja imetiwa kalsiamu tangu kiwandani, kwa hiyo ikifika mwilini haina haja na kalsiamu yako. Hiyo ndiyo ya kutibu sumu ya risasi. Nyingine ni disodiamu EDTA isiyo na kalsiamu, na hiyo huivuta ya kwako. Majina yake yanafanana mno. Marekani, kati ya 2003 na 2005, watu watatu walikufa baada ya dripu za EDTA kushusha kalsiamu hadi moyo ukasimama, wawili kati yao watoto wadogo. Mmoja wa watoto hao alikuwa na sumu ya risasi kweli, akapewa ile isiyo yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji udaktari: omba uone chupa ya dawa, utafute neno calcium kwenye lebo. Usipoliona, uliza kwa nini halipo, na usikubali kuambiwa "ni ile ile."

Zipo dawa nyingine za kundi hili. DMSA ni ya kumeza na ndiyo inayotumika sana kwa watoto. Inanuka yai viza, na mama asipoelezwa hilo huitupa akidhani imeoza. Dimercaprol ni sindano ya ndani ya msuli, imechanganywa na mafuta ya njugu karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga aseme mapema. Hizi ni dawa za hospitali, za mgonjwa aliyepimwa.

Pima, tena pima vizuri

Kwa risasi, kipimo kinachoaminika ni damu iliyotolewa kwenye mshipa wa mkono. Kile cha kutoboa kidole kinafaa kwa kuchuja watu wengi haraka, lakini kidole cha fundi betri kina risasi kwenye ngozi na chini ya kucha. Ukikitoboa bila kukisugua kwa sabuni utakuwa umepima kidole, si damu. Majibu ya kidoleni yakiwa juu, rudia kwa damu ya mshipani kabla ya kuamua lolote. Waulize pia maabara kama chupa yao ni ya kupimia madini na kama wanapima wenyewe au wanatuma sampuli kwingine.

Majibu yakija, angalia kipimio kabla ya namba. Maabara moja huandika mikrogramu kwa desilita, nyingine mikrogramu kwa lita. Namba 50 kwa lita ni sawa na 5 kwa desilita. Nimeshaona familia ikilia kwa 50 ambayo ilikuwa 5.

Na 5 yenyewe maana yake nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Chanzo kitafutwe, sikusema dripu itundikwe. Usalama kamili haupo kwenye kiwango chochote cha risasi, lakini dawa ya kuitoa inaanzia juu zaidi, nitafika huko.

Sisi watu wa pwani tuna letu. Ukipimwa arseniki, sumu nyingine ya kundi hili, kwenye mkojo na jana yake ulikula pweza, kamba au samaki, namba itaruka, kwa sababu viumbe wa baharini wana arseniki ya namna nyingine isiyo na madhara kama ile ya kwenye maji ya kisima. Kaa siku kadhaa bila vitu vya baharini kabla ya kipimo hicho, au uombe maabara itenganishe aina zake. Zebaki kwenye damu nayo hupanda kwa walaji wakubwa wa papa, jodari na nduaro. Mtu akikutisha kwa arseniki bila kukuuliza juzi ulikula nini, mwache na karatasi yake.

Kipo kipimo kimoja ambacho nakuomba ukikatae moja kwa moja. Unapewa kwanza dozi ya dawa ya kelesheni, kisha mkojo wako unakusanywa na kupimwa. Dawa imeshavuta madini kutoka mwilini, lazima yaonekane mengi. Halafu wanalinganisha na viwango vya watu ambao hawakumeza dawa yoyote. Kwa hesabu hiyo kila mtu ana sumu, hata mtoto wa jana. Chama cha madaktari wa sumu cha Marekani kimeshatoa msimamo kwamba kipimo hicho hakina ushahidi wa kutegemewa. Beseni la umeme la kuchovya miguu hadi maji yawe ya kahawia ndilo la kuchekesha zaidi: ile rangi ni kutu ya vyuma vya beseni lenyewe. Waambie waliwashe kwa maji ya chumvi bila miguu yako uone.

Ziba chanzo kwanza

Hapa ndipo nilipokaa na shemeji muda mrefu kuliko kwingine kote, maana hapa ndipo penye tiba.

Andika kazi zako zote na za watu wa nyumba yako. Kupasua betri na kuyeyusha risasi ndiyo ya kwanza kwenye orodha, pamoja na wale wanaoyeyusha mabamba ya betri kufinyanga chubwi za nyavu. Kisha rangi za zamani zinazobambuka, uchomeleaji wa vyuma vilivyopakwa rangi, sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu, na wanja wa mawe usiojulikana umetoka wapi, kwa sababu wanja mwingine ni madini ya risasi yaliyosagwa. Bizari nayo: Bangladesh waligundua wafanyabiashara waliokuwa wakitia rangi ya risasi kwenye manjano ili ing'ae, na walipobanwa kuanzia 2019 mchezo ule ukaisha sokoni. Kwa zebaki, uliza kuhusu krimu za kung'arisha ngozi zisizo na orodha ya viambato, na kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaochoma mchanganyiko wa zebaki, kama wa Geita kule Tanzania.

Mombasa hatuhitaji kufundishwa hili kwa mifano ya mbali. Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi 2007 katikati ya makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, alijua hatari baada ya mtoto wake mwenyewe kuugua. Kiwanda kilifungwa 2014, naye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi ile ilikuwa kwenye udongo wa uani, mahali watoto wanapochezea.

Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 ilikuwa mbaya zaidi. Watu walisaga mawe ya dhahabu yenye risasi nyumbani, na watoto zaidi ya 400 wakafa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilileta DMSA, lakini katika vijiji ambavyo udongo wake haukuwa umeondolewa hawakuanza tiba ya watoto. Kijiji cha Bagega kilisubiri usafishaji hadi 2013. Ulikuwa uamuzi mchungu, nami nauelewa: kumtoa mtoto risasi leo na kumrudisha kulala juu yake kesho ni kujaza mtungi uliotoboka.

Nyumbani kwa fundi, mambo ni haya. Nguo za kazi zibaki kazini, zikija nyumbani zifuliwe peke yake. Oga kabla hujambeba mtoto. Usile mahamri gereji kabla ya kunawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na sigara usiishike kwa vidole hivyo, ingawa ningependa usiishike kabisa. Piga deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unarusha vumbi lile lile upya. Watoto wale vyakula vyenye kalsiamu na madini ya chuma, maziwa, dagaa, kunde, maharagwe, kwa sababu mwili wenye upungufu wa hivyo hufyonza risasi zaidi.

Damu ya shemeji ilikuja na 34 kwa desilita. Ni nyingi, na ilimtosha kuhamisha tanuri lake la kuyeyushia kutoka uani. Lakini daktari hakumwandikia kelesheni, akamwandikia kurudia kipimo. Miezi ilipopita ikashuka hadi 22 bila sindano hata moja. Usitarajie ishuke haraka kama homa, kwa sababu risasi iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu katika mwezi hivi, ila iliyojificha kwenye mifupa hukaa miongo na huvuja pole pole.

Lini kelesheni inafaa

Kwa mtoto wa miaka 10 na chini, Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba risasi ikifika 45 kwa desilita. Kwa mtu mzima kizingiti kiko juu zaidi na dalili huhesabiwa pamoja na namba: tumbo la kunyonga, kufunga choo, mikono kulegea, kichwa kuchanganyikiwa. Akipita 100, au akianza degedege, hiyo ni dharura ya hospitali kubwa usiku huo huo. Mjamzito ana hesabu yake mwenyewe, aonwe na bingwa.

Tiba yenyewe ukiiona inavyofanywa ipasavyo haina madoido. DMSA huenda siku 19: dozi tatu kwa siku kwa siku tano, kisha mbili kwa siku kwa wiki mbili, kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa. Damu hupimwa kabla, katikati na baada, pamoja na figo, ini na chembe nyeupe. Wiki mbili hadi nne baada ya kumaliza hupimwa tena, kwa sababu risasi ya mifupani hurudi kwenye damu na namba hupanda. Wengine huhitaji mizunguko kadhaa. Kliniki isiyotaja figo hata mara moja haifanyi tiba hii, inauza maji.

Na moyo je?

Habari ya EDTA na moyo ilianza Detroit miaka ya 1950. Norman Clarke na wenzake waliitoa kwa wagonjwa wa maumivu ya kifua, wakaripoti nafuu. Dhana yao ilikuwa nyepesi kushika: mishipa iliyoziba ina chokaa, EDTA inakamata kalsiamu, basi itaimumunya. Lakini kinachoziba mshipa ni mafuta, nyuzi na chembe za uvimbe, na kalsiamu ni sehemu tu. Hata hivyo dhana hiyo ndiyo iliyochorwa kwenye tangazo la shemeji.

Serikali ya Marekani iliamua kugharimia utafiti wa kweli. Uliitwa TACT, ukaongozwa na Gervasio Lamas, ukachukua watu 1,708 wenye miaka 50 na zaidi waliokwishapata mshtuko wa moyo. Kila mmoja alipangiwa dripu 40 za saa tatu au zaidi, wengine za EDTA, wengine za maji tu, bila kujua yupi anapata ipi. Matokeo yalitoka 2013: waliopatwa na kifo, mshtuko mwingine, kiharusi, kuzibuliwa mishipa au kulazwa kwa maumivu ya kifua walikuwa asilimia 26 kwa EDTA na 30 kwa maji. Tofauti ndogo, lakini ilikuwepo, na kwa wenye kisukari ilikuwa kubwa zaidi. Kliniki nyingi zinanukuu hapo na kufunga kitabu.

Watafiti wenyewe hawakufunga. Walirudia, safari hii kwa wenye kisukari peke yao, watu wapatao 1,000, na majibu ya TACT2 yakatoka 2024. Risasi kwenye damu ilishuka kwa asilimia 61, kwa hiyo dawa ilifanya kazi yake ya kutoa risasi. Mioyo haikufaidika: asilimia 35.6 walipatwa na matatizo kwa EDTA, 35.7 kwa maji. Shemeji ni mtu wa namba, aliziangalia hizo mbili akasema, "Hapo mie sitoi hata nauli."

Nitakuwa mkweli kwa upande wa pili. Watu wa TACT2 walianza na risasi ndogo sana, chini ya 1 kwa desilita. Hawakuwa mafundi betri. Risasi hupandisha presha na huandamana na magonjwa ya moyo, kwa hiyo mwenye 34 ana sababu nzuri ya kuishusha. Ila njia iliyo salama ya kuishusha ni kuondoka kwenye moshi, na hakuna aliyeonyesha kwamba dripu ingemlinda moyo kuliko hilo.

Ninachokiogopa kuliko dripu ni mtu kuacha vidonge. Baada ya mshtuko wa moyo, dawa zilizoandikwa, aspirini, ya kushusha lehemu, za presha, za sukari, ndizo zenye ushahidi wa miaka mingi. Bei ya dripu zile thelathini ingemnunulia shemeji vidonge vya muda mrefu sana. Na sigara iachwe, kwa moyo na kwa kadmiamu, madini mengine yenye sumu, iliyomo ndani yake.

Ukishafika kliniki hata hivyo

Najua wengine mtakwenda, wamewashawishi watoto walioko Ughaibuni wanaotuma pesa. Basi taka kuonyeshwa majibu ya damu ya kabla, pamoja na kipimo cha figo na kalsiamu. Soma lebo. Uliza dripu itaenda saa ngapi; anayekuahidi nusu saa ili uwahi kazini anakuhatarisha, maana kasi ndiyo inayoangusha kalsiamu. Uliza sindano ya kalsiamu glukonati, ya kurudisha kalsiamu ikishuka, iko wapi, na uionyeshwe kwa macho, isiwe "iko stoo." Wajulishe dawa zako zote, hasa za sukari, kwa kuwa sukari yaweza kushuka ukiwa kitini.

Midomo ikianza kufa ganzi, vidole vikichonyota, kiganja kikijikunja chenyewe, au moyo ukiruka mapigo, sema kwa sauti na ufunge klipu ya dripu mwenyewe bila kusubiri ruhusa. Branula, ule mrija mdogo ulioingizwa mshipani, isitolewe, itahitajika. Nenda chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, uwaambie umepewa EDTA na unahitaji kupimwa kalsiamu na umeme wa moyo. Chukua na chupa ya dawa yenyewe, au ipige picha, ili daktari wa zamu asikisie.